Safu ya Wasiorudi

Sista alipewa ile ripoti kwa sababu alikuwa amekaa. Hospitalini ndivyo ilivyo: ukionekana umekaa, basi huna kazi.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Alikuwa muuguzi wa thieta, mkono wa kulia wa daktari wa mifupa ambaye hospitali nzima ilimwita Bingwa. Bingwa hakuwa na haja ya kutaja kifaa. Alinyoosha kiganja tu, na kifaa kilikuwa kimeshafika. Miezi sita iliyopita, katikati ya upasuaji, goti la kulia la Sista lilimwacha ghafla. Alidakia meza ya vifaa asianguke, na meza ikaenda naye. Vyuma vilivyochemshwa asubuhi nzima vikatawanyika sakafuni. Mgonjwa alikuwa usingizini, hakujua lolote, lakini Metroni alijua kabla hata vyuma havijaokotwa.

Siku ya pili yake Sista akawekwa kwenye meza ya kadi, kliniki ya viungo, ghorofa ya pili.

"Nafasi yako ya thieta nakushikia," Metroni alimwambia. "Pona urudi."

Na kupona kulikuwa na tarehe. Alhamisi ya wiki hii Bingwa mwenyewe angemtoboa matundu mawili madogo gotini. Kwenye tundu moja angeingiza kamera nyembamba kama penseli, kwenye la pili angeingiza kisu kidogo kinachozunguka. Goti lingeoshwa kwa maji ya chumvi, na gegedu iliyochanikachanika kati ya mifupa ingepunguzwa ikawa laini. Dakika arobaini. Sista alikuwa amekabidhi vifaa hivyo mara nyingi mno, angeweza kuvikabidhi amefumba macho.

"Wiki sita tu, nimesimama," alimwambia mdogo wake, ambaye waliishi pamoja.

"Uharakishe, dada," mdogo wake alimjibu. "Siku hizi unatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Nikikuona unakuja natamani nikuwekee kikaratasi chini."

Jumatatu asubuhi Bingwa alipanda akiwa amekumbatia daftari kubwa la jalada la kijani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ijumaa nina mkutano wa madaktari," alisema. "Nataka matokeo ya magoti ya miaka miwili. Tumefungua wangapi, wamepona wangapi. Ukurasa mmoja unatosha."

"Kwa siku tatu, Bingwa?"

"Si umekaa?" Maneno yalimponyoka, naye akayasikia yalivyotoka. Akajikuna shingo. "Samahani. Nimechoka. Nisaidie tu."

Sista alilifungua daftari. Kila mstari ulikuwa mgonjwa mmoja: namba, umri, goti la upande gani, tarehe ya upasuaji, na safu ya mwisho kabisa, hali baada ya miezi sita, ambayo ilijazwa herufi moja tu. N ikiwa nzuri, W ikiwa wastani, M ikiwa mbaya. Wagonjwa mia moja na arobaini. N mia moja na kumi na sita. Akagawanya, akapata asilimia themanini na tatu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akajisikia mwepesi. Themanini na tatu! Alilisugua goti lake chini ya meza kama mtu anayembembeleza mtoto. Alhamisi si mbali, alilinong'oneza. Vumilia.

Kilichobaki kilikuwa kujaza umri wa wagonjwa wachache ambao karani aliusahau. Akazitoa kadi zao kabatini. Kadi ya kwanza ilikuwa na tarehe ya upasuaji, tarehe ya kutoa nyuzi, kisha hakuna kitu. Kurasa nyeupe. Akadhani karatasi imedondoka, akakung'uta bahasha. Ya pili nayo ilikuwa hivyohivyo. Akatoa ya tatu, ambayo umri wake ulikuwepo na hakuwa na sababu ya kuitoa. Nayo nyeupe. Kwenye daftari, wote watatu walikuwa na N.

Hadi saa nane mchana alikuwa amezitoa kadi zote. Watu sitini na mmoja, zaidi ya nusu ya wale waliopona, hawakuwahi kurudi kliniki baada ya kutolewa nyuzi. Hakuna daktari aliyewatazama tena. Hakuna aliyewauliza.

Akamfuata karani.

"Hawa hawakurudi. N umeitoa wapi?"

"Ndiyo utaratibu, Sista," karani alimjibu huku akitafuna. "Asiyerudi, mpe N. Nilifundishwa hivyo na niliyemkuta hapa."

"Naye nani alimfundisha?"

"Aliyemkuta."

Sista alirudi mezani kwake polepole, na alipokuwa bado hajakaa, likamjia. Miaka ile kamera ilipokuwa mpya, karani wa kwanza kabisa alichungulia mlangoni mwa thieta akiwa na daftari kama hili. Huyu hakurudi, niandike nini? Na yeye, Sista, akiwa na glavu mkononi, maski usoni, na mgonjwa mwingine anasukumwa ndani, alimjibu bila hata kugeuza kichwa: Angekuwa na shida si angekuja? Mpe N.

Hakukusudia kudanganya mtu. Alikuwa na haraka. Neno lake la haraka likawa utaratibu, na kila aliyefika akalikuta limeketi kama fanicha ya serikali.

Aliivuta simu ya mezani karibu, akafungua kadi ya juu.

"Halo. Mimi ni sista wa kliniki ya viungo. Tulikufanyia goti mwaka juzi."

"Kumbe mnanikumbuka!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake kelele za cherehani. Kadi ilisema fundi wa nguo, miaka hamsini na nane.

"Linaendeleaje, mama?"

"Matundu yalipona vizuri sana. Makovu hata huyaoni, ukiambiwa utabisha. Ila goti lenyewe ndiyo limebaki na tabia zake."

"Yale maumivu ya mwanzo?"

"Miezi miwili mitatu ya kwanza lilitulia. Nikatangaza mtaa mzima. Kisha likarudi, na haya, sasa nakanyagia mguu wa kushoto."

"Sasa mbona hukuja kutuambia?"

Fundi alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyengoja kuulizwa. "Kliniki yenu si iko juu? Nizipande ngazi zile zote kwa goti hili, nije niwaambie kwamba siwezi kupanda ngazi?"

Sista akaandika. Akapiga nyingine.

Mwalimu mstaafu alishusha sauti kana kwamba Bingwa alikuwa amejibanza mlangoni kwake. "Sikiliza, mwanangu. Daktari yule alikuja mwenyewe kitandani kwangu, akanishika mkono. Mtu wa namna hiyo unamwendea vipi kumwambia kazi yake haikukusaidia? Ni kumvunjia heshima. Nikaona nijikalie kimya."

"Kwa hiyo bado linauma, mzee."

"Usimwambie lakini."

Golikipa wa miaka ishirini na tatu alipiga kelele hadi Sista akaiondoa simu sikioni. "Sista! Nadaka! Kamuulize yeyote!" Goti lake lilikuwa likikwama limekunjwa, kipande cha gegedu kilichochanika kilikuwa kimejibana katikati, na kilipotolewa lilinyooka siku ile ile.

"Mbona hukurudi?"

"Nirudi kufanya nini na mimi mzima?"

Huyu N yake ilikuwa halali. Sista alifurahi kuliko ilivyostahili, akamwambia aache kupiga kelele na achunge goti.

Namba iliyofuata alipokea mwanamume.

"Mama hayupo."

"Nipige saa ngapi nimpate?"

"Amefariki, sista. Mwezi wa pili. Moyo."

"Poleni sana. Poleni. Nilitaka kumuulizia goti tu."

"Lilimsumbua mpaka mwisho. Mlimwambia mtampigia simu. Alikuwa akiiweka simu karibu na mto."

Sista alishukuru, akakata, akatazama ile N kwa muda. Hakuikumbuka sura ya yule mama. Alilikumbuka goti, au alidhani analikumbuka.

Jioni aliyaeleza hayo nyumbani, ameweka mguu juu ya kigoda. Mdogo wake alikuwa akipasi nguo.

"Lakini dada, wewe si ulikuwa mle ndani? Si ulikuwa unayaona hayo magoti kwenye runinga yenu?"

"Nilikuwa nayaona."

"Na?"

"Yalikuwa safi. Tukianza, unaona nyuzinyuzi zinaelea kama pamba kwenye maji. Tukimaliza, pasafi, panang'aa. Tunashona, tunamsukuma nje, anaingia mwingine." Akalisugua goti. "Mimi nimeyaona magoti ya watu yalipokuwa safi tu. Siku ile moja."

Mdogo wake aliisimamisha pasi. "Sasa hili lako?"

"Nimechoka. Nitaliwaza kesho."

"Utaungua na wewe kwa kuliwaza kesho," mdogo wake alisema, kisha akanusa, akapiga kelele na kuinyanyua pasi juu ya blauzi.

Jumanne alipiga simu kutwa. Wengine namba zilikuwa zimekufa. Wengine walimkatia wakidhani ni tapeli. Mmoja alimtukana vizuri, kwa mpangilio, kisha akamwomba radhi na kumsimulia habari za magoti yote mawili na bega. Hadi Jumatano mchana alikuwa amewapata arobaini na wanne kati ya wale sitini na mmoja. Wanne walikuwa wamefariki kwa maradhi mengine. Kumi na watatu walikuwa wazima. Ishirini na saba walikuwa vilevile walivyokuja, au wamezidi.

Alizipanga kadi mafungu mawili mezani, akatoa na picha za eksirei. Hapo ndipo mambo yalipojipambanua yenyewe. Fungu la wazima lilikuwa karibu lote la vijana: goti lililojinyonga uwanjani, kipande kimechanika, goti linakwama. Fungu la pili lilikuwa la watu waliokula chumvi nyingi, na picha zao zilifanana kama ndugu. Ile nafasi nyeusi baina ya mfupa na mfupa, ambayo ndiyo mahali pa gegedu, ilikuwa imebaki uzi. Magoti yaliyosagika. Kuyaosha kuliyatuliza kwa miezi miwili au mitatu, kisha yakaendelea na safari yao.

Mmoja tu mwenye picha ya namna hiyo alisema yuko afadhali, mpishi wa shule, na hakuisifu kamera.

"Ni yule bwana wenu wa mazoezi," alisema. "Kaa, inuka, kaa, inuka, kila siku ya Mungu. Nilimchukia mtu yule! Nikamaliza mwaka namchukia huku napanda ngazi."

Sista alimjua bwana huyo. Kila mtu alimwita Kunja-Nyoosha. Kwa miezi sita alikuwa akimpungia Sista mkono kutoka mlangoni kwake, na Sista akipita upande wa pili wa korido akijifanya anasoma faili. Mazoezi yalikuwa ya watu wasio na Bingwa.

Akavuta droo. Bahasha ya eksirei yake ilikuwa chini kabisa. Aliinua picha dirishani, palipokuwa na mwanga, na mkono wake ukatulia kama ulivyokuwa ukitulia thieta. Hakuhitaji kuambiwa inakwenda fungu gani.

Angeweza kunyamaza. Hilo alilifikiria waziwazi, hakujificha. Asilimia themanini na tatu tayari ilikuwa imeandikwa, Bingwa angefurahi, kesho yake yeye angelala kwenye kitanda anachokijua chini ya taa anayoijua, na kwa miezi miwili huenda angetembea vizuri. Miezi miwili ya thieta si haba. Alikuwa amechoka mno na meza hii, na kadi, na kuulizwa choo kiko wapi. Alitaka kusimama mahali ambapo mtu ananyoosha kiganja bila kusema, naye anajua.

Saa kumi alimpelekea Bingwa kurasa mbili.

Bingwa alisoma amesimama. Kisha akakaa.

"Umewapigia simu wagonjwa wangu bila kuniambia."

"Wagonjwa wetu."

"Nilikuomba ukurasa mmoja, Sista. Namba moja!"

"Ile namba ilikuwa ya kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia karani asiyerudi apewe N. Miaka ile. Ulikuwa umeinama, hukunisikia."

Bingwa aliliangalia jina la fundi wa nguo, la mwalimu, la mpishi. Kwenye la mwalimu macho yake yakakwama. "Huyu alinitumia salamu juzi. Alisema yuko salama."

"Alikuonea aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ulimshika mkono."

Bingwa aliweka karatasi chini akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayenawa bila maji. Mtu mwingine angedhani amekasirika. Sista alijua kwamba amechoka, na kwamba hasira ingefuata ikipata nafasi.

"Ijumaa nisimame mbele ya watu wale niseme nini?"

"Sema wenye goti linalokwama tunawasaidia. Waliosagika, wengi hatuwasaidii. Na kuna kumi na saba hatujui walipo."

"Rahisi kusema."

"Si rahisi. Nimekuja na hii." Akaiweka picha yake kwenye kisanduku cha mwanga ukutani na kukiwasha. "Hili goti lingekuwa la mtu usiyemjua, ungemwambiaje?"

Bingwa hakuliangalia mara moja. "Ningemfungua," alisema. "Nimekuwa nikiwafungua miaka yote hii."

"Hujanijibu. Leo ungemwambiaje?"

Feni ilikuwa ikizunguka juu yao kwa mlio wa kukwaruza. Bingwa alisimama, akasogea, akapitisha ukucha kwenye ule uzi mwembamba baina ya mifupa, kuanzia ndani hadi nje.

"Ningemwambia nikiingia nitayakuta haya haya. Nitapasafisha. Patauma tena. Iko siku litataka goti la bandia. Siyo sasa, bado linabeba. Sasa hivi linataka mazoezi, na upunguze kusimama."

"Upunguze kusimama," Sista alirudia.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo thieta basi."

Bingwa alinyoosha mkono kuzima kisanduku, swichi ikamshinda, Sista akaibonyeza.

"Nitoe kwenye orodha ya kesho," alisema. "Kuna mtu goti lake limekwama wiki ya tatu sasa, mchukuzi wa sokoni. Mwingize yeye."

"Umewaza vizuri?"

"Nimewaza siku tatu, Bingwa. Nimekaa, si unajua."

Bingwa alitaka kucheka, ikashindikana. Sista alipofika mlangoni alimsikia akivuta kiti na kufungua kalamu. Akageuka. Bingwa alikuwa amelivuta daftari la kijani, anaanza ukurasa wa kwanza, anakata N ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama anayekata nyuzi.

Metroni alikuwa anafunga ofisi yake ya chini. Sista alishuka ngazi akishika ukuta, kidato kwa kidato, mguu mzima ukitangulia.

"Vipi, tayari kwa kesho?" Metroni aliuliza. "Usile kitu kuanzia saa sita za usiku. Lakini namwambia nani, wewe si ndiye unayewaambia wengine!"

"Siendi kesho. Ile nafasi, usinishikie tena."

Metroni aliutoa ufunguo kwenye kitasa. Walikuwa wamesoma chuo mwaka mmoja, wamelala vitanda vya kupandana, yeye juu, Sista chini. "Una uhakika?"

"Mpe mwenye magoti."

"Shoga yangu." Alimshika kiwiko, wakatembea pamoja hadi getini kwa mwendo wa Sista, na ule mwendo ulichukua muda.

Alhamisi, saa mbili na nusu, Sista alisimama kwenye mlango wa chumba cha mazoezi. Kunja-Nyoosha alikuwa anafunga mkanda kwenye bega la mzee mmoja. Alimtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Leo hukuiona faili ya kusoma?"

"Acha maneno."

"Miezi sita nakupungia mkono, mtu ananipita kama ninauza viatu kwa mkopo. Hao, wameshakuchoka thieta?"

"Mimi ndiye niliyechoka. Utanifanyisha au niende?"

"Uende wapi na goti hilo?" Akamsogezea kiti cha mbao kisicho na mikono. "Mikono kifuani. Kaa, inuka. Usijisukume. Kumi."

Alikaa. Alipoinuka, goti lilitoa sauti kama changarawe, na mzee wa mkanda akageuka kumtazama kwa huruma ya mtu anayeijua sauti hiyo. Moja. Mbili. Ya tatu alishika paja, Kunja-Nyoosha akampiga kofi dogo mkononi.

"Hiyo haihesabiwi."

"Nimeinuka!"

"Mkono ndio uliokuinua. Anza na tatu."

"Una roho mbaya."

"Naambiwa. Wote husema hivyo, na wewe utasema hadi mwakani. Haya."

Tatu. Nne. Jasho lilimtoka kwapani, na aliona aibu kidogo kwamba mtu aliyesimama saa saba mfululizo kando ya meza ya upasuaji sasa anahema kwa sababu ya kiti. Ya tano goti liliuma palepale lilipouma jana na juzi. Akainuka hata hivyo. Kunja-Nyoosha alikuwa ameshamgeukia mzee wa bega, anazozana naye juu ya jambo jingine, kwa hiyo Sista akalazimika kuhesabu mwenyewe, kwa sauti, asije akadhulumiwa.

"Sita," alisema. "Sita hii, umeiona?"